Jeki Huinua, Stendi Hushikilia: Ile Namba ya Tani Ina Maana Gani?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Kibabii kwa mafundi wa gereji, madereva, utingo na vijana wanaojifunza ufundi wa magari. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti, kwa kuwa gari huharibikia popote.

 

Nimeombwa niseme juu ya stendi za jeki. Najua baadhi yenu mnajiuliza, mwalimu, hilo nalo ni la kuitia watu mkutano? Nawaomba mkitoka hapa mtembee taratibu kwenye barabara hii ya Bungoma kwenda Chwele, mchungulie kila gereji mtakayopita. Jeki hamtaikosa. Kisha tazameni kinachoshikilia gari baada ya jeki kuinua. Hapa jiwe, pale matofali mawili yamebebana, kwingine kisiki cha mkaratusi au rimu kuukuu iliyolazwa. Kwingine hakuna kitu, ni jeki peke yake, na miguu ya kijana imetokeza chini ya bampa.

Huyo kijana ndiye aliyenileta hapa. Katika gereji zetu anayeingia chini ya gari mara nyingi si mwenye gereji. Ni mwanagenzi, mwembamba, aliyekuja kujifunza, ambaye hawezi kumwambia mkubwa wake kwamba anaogopa. Mkubwa amechutama kando akimmulikia kwa tochi ya simu. Gari likiteremka, anayelaliwa ni mtoto wa mtu. Na tusidhani ni lazima avunjike ndipo afe. Gari likimkalia mtu kifuani, mbavu hazipati nafasi ya kupanuka. Moyo unapiga, macho yanawaona, lakini pumzi haiingii. Hapo tunahesabu dakika, na dakika zenyewe si nyingi.

Tuanze na jeki, maana wengi huiamini kuliko inavyostahili. Jeki ya chupa na ile ya toroli zote hufanya kazi kwa mafuta. Unapopiga mkono, mafuta husukumwa chini ya pistoni na pistoni hupanda. Kinachoyazuia yasirudi ni vali ndogo na mpira mwembamba unaoizunguka pistoni. Ule mzigo wote umekaa juu ya huo mpira. Ukichakaa, au chembe ya mchanga ikinasa penye vali, mafuta hurudi, pengine kidogo kidogo, pengine yote kwa mara moja. Ndiyo maana jeki iliyoshikilia gari jana mchana kutwa inaweza kushuka leo saa nne asubuhi bila kumuaga mtu. Ile jeki ya mkasi inayokuja na gari haina mafuta, ni kweli, lakini kitako chake ni chembamba na ilitengenezwa kwa kazi moja tu: kubadilisha tairi, wewe ukiwa nje.

Stendi haina mafuta wala mpira. Ni chuma juu ya chuma. Hainui kitu, haina kazi nyingine ila kukaa palepale ilipowekwa. Kwa hivyo kazi ya jeki inaisha gari likishafika juu. Hapo stendi inaingia, gari linateremshwa taratibu mpaka likae juu ya stendi, na jeki inaachwa karibu, imegusa kidogo tu, iwe mlinzi wa pili.

Sasa nije kwenye namba, maana hapo ndipo watu wanapotapeliwa, na wakati mwingine wanajitapeli wenyewe. Ukienda dukani, Bungoma mjini au Kitale, utaona stendi zimeandikwa tani 2, tani 3, tani 6. Swali la kwanza kwa muuzaji: tani 3 za stendi moja, au za zote mbili kwa pamoja? Usicheke, si swali la kijinga. Watengenezaji hawaandiki kwa namna moja. Wapo wanaoandika uwezo wa kila stendi, na wapo wanaoandika uwezo wa jozi. Jozi ya tani 3 ya aina hii ya pili ina maana kila stendi inabeba tani moja na nusu. Mtu akinunua akidhani amepata tani 6, amejipunja nusu nzima. Soma stika, soma karatasi iliyomo ndani ya katoni, tazama maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Kama hakuna palipoelezwa, ihesabu kuwa ni ya jozi. Ukikosea kwa upande huo hutamwumiza mtu.

Swali la pili ni tani ya nani. Tani tunayoijua sisi ni kilo 1,000. Tani ya Marekani ni ratili 2,000, ambazo ni kama kilo 907. Kwa hiyo stendi ya Marekani ya tani 3 ni ya kilo 2,720 hivi. Tofauti si ya kumnyima mtu usingizi kwenye gari dogo, lakini kwa anayefanya kazi na lori inafaa aijue. Ikiwa kilo zimeandikwa, fuata kilo na usahau tani.

Basi gari lako lina uzito gani? Hapa hatuna sababu ya kubahatisha. Tazameni ubavu wa matatu au lori lolote: kuna herufi T.W. na namba ya kilo mbele yake. Huo ndio uzito wa gari likiwa tupu. Kwenye kitabu cha gari pia umeandikwa. Tuchukue mfano wa matatu ya abiria 14 iliyoandikwa T.W. 1,850. Ukiinua upande wa mbele peke yake, hubebi kilo 1,850. Uzito mwingine umebaki kwenye magurudumu ya nyuma. Tuseme mbele kuna kilo 1,000, kwa sababu injini iko huko. Stendi mbili zitagawana, kilo 500 kwa 500.

Nikifika hapa kuna kijana huniuliza darasani: kama ni kilo 500 tu, mbona nisinunue stendi ndogo kabisa? Jibu ni kwamba ile namba ilipimwa mzigo ukiwa umesimama wima, katikati ya kichwa cha stendi, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Sisi tunafanyaje? Tunaweka kwenye murami. Kisha fundi anaingiza bomba refu kwenye spana apate nguvu ya kufungua nati iliyokwama, na analivuta gari kwa ubavu. Stendi haikupimwa kwa kuvutwa ubavuni. Tena ukiweka gari zima juu ya stendi nne na ardhi isiwe sawa, mbili za kukingamana zinaweza kubeba karibu uzito wote, na zile nyingine mbili zikawa zimegusa tu. Ni kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Papo hapo zile kilo 500 zimekuwa 900 na zaidi kwa stendi moja, na bado hatujaanza kutikisa.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: jozi ya stendi iwe na uwezo wa kubeba gari zima, hata kama unainua upande mmoja. Kwa Probox, ambayo ikiwa tupu ina uzito wa kama tani moja, jozi ya tani 2 inatosha na kubaki. Kwa ile matatu, jozi ya tani 3. Pikapu iliyopakia mahindi haihesabiwi kwa T.W. peke yake, ongeza mzigo, au afadhali ushushe mahindi kwanza.

Lori ni habari nyingine. Wanaopita pale mizani ya Webuye wanajua kwamba kanuni za uzito za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ibebe hadi tani 10. Ukiinua upande mmoja wa ekseli hiyo, umebeba kama tani 5, na hilo ni lori linalotii sheria. Sasa mtu anakuja na stendi ya gari dogo, eti ni chuma, itavumilia. Haitavumilia. Miguu yake itatanuka kama ya ndama aliyezaliwa jana.

Na trela la miwa likiharibika beringi likiwa limejaa, njia salama ni kupakua kwanza. Najua hilo halipendwi. Miwa inakauka, mwenye trekta anapiga simu kila baada ya dakika kumi, na kupakua ni kibarua cha kulipia. Bado nasema pakua. Kama hakuna stendi ya uzito huo, ziko mbao. Chukua mbao ngumu, nene, zilizokatwa mraba, uzipange mbili hivi na mbili zikikingama juu yake, kama tunavyopanga kuni, mpaka zifike kwenye ekseli. Waokoaji duniani kote hutumia mpango huo kushikilia magari na nyumba zilizobomoka. Mbao iliyoelemewa hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, inakupa habari mapema. Lakini kisiki kilichosimamishwa wima hupasuka kufuata nyuzi zake. Tofali na bloku la simiti havilii kabisa: sasa ni zima, sekunde ijayo ni vumbi. Bloku lenye matundu ndilo baya kupita yote. Usiliingize chini ya gari hata kwa dakika moja.

Turudi dukani. Ziko stendi za aina mbili zinazopatikana zaidi. Moja ina nguzo yenye meno, na ndani kuna ulimi wa chuma unaonasa kwenye jino. Ya pili ina nguzo yenye matundu na pini inayopita upande hadi upande. Ya meno ni ya haraka, ya pini ni ya polepole. Mimi nikiambiwa nichague moja nitachagua ya pini, kwa sababu naona kwa macho yangu kwamba imeingia. Ya meno inataka uangalie zaidi: ukiisha kupandisha nguzo, sukuma mkono wake chini hadi mwisho, kisha inama uhakikishe ulimi umekaa ndani ya jino na haujaning'inia kwenye ncha.

Ila ya pini nayo ina ugonjwa wake hapa kwetu. Pini hupotea. Siku inayofuata utakuta stendi imewekewa msumari wa inchi 6, au kipande cha nondo, au bisibisi. Ile pini ya asili ni nene kiasi cha kulijaza tundu, na chuma chake kilichaguliwa kibebe mzigo bila kukatika. Msumari ni chuma laini, unapinda ukiuchapa nyundo vibaya. Ukiuweka pale, stendi ya tani 3 imegeuka kuwa stendi ya msumari. Pini ifungwe kwa mnyororo kwenye mguu wa stendi, haitapotea.

Vipi hizi zinazochomelewa na mafundi wetu wa jua kali? Sitaki kuwavunja moyo. Nimeona nyingine nzito na zenye kitako kipana kuliko za dukani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezipima. Mtu akiandika tani 5 kwa rangi nyeupe, hiyo ni rangi tu. Weldi inaweza kung'aa juu na ndani isishike. Ninachowaomba wachomeleaji ni kwamba wasiandike namba wasiyoipima. Na mnunuzi asiitumie pale atakapoingiza mwili wake chini, mpaka ipimwe kwa mzigo unaojulikana, watu wakiwa mbali.

Hata kiwanda chenye vyeti kinaweza kukosea. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ilirudisha stendi zaidi ya milioni 1.7, za tani 3 na tani 6, zilizotengenezwa China. Vifaa vya kiwandani vilikuwa vimezeeka, kwa hiyo meno na ulimi havikuwa vinanasa sawasawa kwenye kila stendi, na baadhi ziliweza kushuka ghafla gari likisukumwa. Wateja wakapewa nyingine. Mwaka huohuo, baadhi ya hizo za kubadilishia zikaonekana zina kasoro kwenye weldi, nazo zikarudishwa. Wenzetu wale walikuwa na mahali pa kurudishia. Stendi iliyotumika, iliyoletwa na mtu kwenye kontena na kuuzwa kando ya barabara, hatujui ilitoka kundi gani. Kwa hiyo ukinunua mpya tafuta stika ya KEBS, udai risiti, halafu bado ukague kwa macho yako. Shika kitako: miguu yote minne iguse chini bila kucheza. Pitisha kidole kwenye kila weldi kutafuta ufa. Tazama kama nguzo imepinda au kichwa kimepasuka. Kutu ya juu juu si neno, kutu iliyokula chuma ni mwisho wa stendi hiyo.

Kuhusu mahali pa kuiweka nitasema machache, kwa kuwa hiyo ni kazi yenu. Udongo wetu mvua ikinyesha unakuwa kama ugali mbichi, na mguu mwembamba wa stendi unazama taratibu mtu akiwa chini. Weka chini yake bamba la chuma au ubao mgumu wa unene wa inchi 2, mpana kupita kitako. Hata lami, jua likiwa kali, huachia. Juu, stendi ikae penye chesisi, ekseli, au zile sehemu za ubavuni zilizotiwa alama na mtengenezaji. Isikae kwenye sampu ya mafuta wala kwenye bati la sakafu.

Kabari nazo watu huzidharau. Kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki hiyo inashika magurudumu yanayoelea hewani, na gari linaweza kusonga mbele litakavyo. Zuia magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kabla hujagusa jeki. Gia nayo hushika tu yale magurudumu yanayosukumwa na injini, na ukiyainua hayo, gia haikusaidii.

Gari likishakaa juu ya stendi, kabla mtu hajaingia, lisukume. Simama kando, weka mikono miwili, ulitikise kwa nguvu mara mbili tatu. Kama lina nia ya kuanguka, lianguke sasa. Wengi huogopa kulitikisa, wakisema litaanguka. Sasa jamani, kama unaogopa kulisukuma ukiwa nje, utamtumaje mtoto alale chini yake? Kisha vua tairi ulizozitoa, uzilaze chini ya chesisi. Hazitabeba gari, lakini zikiachwa hapo huenda zikabakiza nafasi ya kifua.

Wenye gereji, nina neno nanyi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, na kibanda cha mabati chini ya mti ni mahali pa kazi. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vilivyo salama na avitunze. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huohuo, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kusema huyu si wangu, amekuja tu kujifunza, hakutakuokoa. Nendeni dukani mkaulize bei ya stendi mbili, kisha mlinganishe na bei ya tairi moja mpya. Hesabu hiyo nawaachia wenyewe. Na ninyi vijana, mkiambiwa ingia na hamjaona stendi, ulizeni tu kwa adabu: mzee, stendi iko wapi? Mkubwa mwenye akili hatakasirika.

Likitokea la kutokea, msimvute aliyebanwa. Kumvuta kunamchana. Leteni jeki nyingine, au watu kumi, inueni gari pale lilipombana, mweke chochote kigumu chini lisirudi, ndipo mumtoe. Mmoja apige 999 au 112 wakati wengine wanainua. Hata akisimama na kusema yuko sawa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu ya ndani haionekani. Kama amebanwa kwa muda mrefu, waambieni madaktari ni muda gani, wanauhitaji.

Kuna aliyeuliza kabla hatujaanza afanye nini na stendi iliyopasuka. Asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Itapigwa rangi, na baada ya wiki mbili itakuwa sokoni Chwele au Kanduyi ikiuzwa kama stendi. Ikate kwa grainda, nguzo iwe mbali na kitako, ndipo uipeleke kwenye mizani ya chakavu.